Lascelles Swaby Atangaza Mapato Yake

Katika bweni letu, ukitaka kujua kama mtu aliwahi kumwuliza Lascelles Swaby swali kuhusu mabasi yake, mwambie acheke. Penye pengo ndipo swali lilipopitia.

Yalikuwa mabasi matatu, yote yakipiga njia ya Santa Cruz hadi Black River. Lilikuwepo na duka la jumla lenye ghala nyuma, na nyumba ya zege juu ya kilima. Sisi hatukuwahi kuviona vitu hivyo. Tulikuwa naye miezi minane ya kila mwaka, kuanzia theluji ya mwisho hadi tufaha la mwisho, kwenye shamba la Mbelgiji mmoja aitwaye Vandewiele, huku Norfolk, Ontario, ambako upepo wa ziwani unakukata masikio kabla hujamaliza kumwamkia mwenzako. Miezi iliyobaki kila mtu alirudi kwao Jamaika, kwa watoto wake na madeni yake, na hakuna aliyekuwa na nauli ya kwenda parokia ya St. Elizabeth kukagua mali ya Swaby. Kwa hiyo uongo wake uliishi salama, ukilindwa na askari wawili: mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Wa kushoto ndio uliokuwa mbaya zaidi.

Hakuzaliwa na roho hiyo. Alipigwa hadi ikaingia. Baba yake alikuwa mkata miwa aliyerudi nyumbani Ijumaa na ramu tumboni na mkanda mkononi. Alimchapa Lascelles kwa mkanda, kwa mpini wa jembe, na siku moja kwa samaki wa chumvi, pande zima, gumu kama ubao wa mlango. Kijana alipopata kimo cha kumtazama mzee wake machoni, alimnyang'anya ule mkanda, akamfunga kwenye mshelisheli wa uani na kumchapa mpaka majirani wakaleta viti. Mama yao akaja na sufuria ya maji ya moto kuwaachanisha. Maji yalimkosa baba, yakamshukia mwana. Lile kovu la shingoni mwa Swaby, lililokunjamana kama ngozi ya maziwa, ndilo hilo. Sisi alituambia ni ajali ya basi.

Basi la kwanza lilizaliwa mwaka wake wa kwanza hapa shambani. Jamaa mmoja wa Kingston aitwaye Garnet alizitazama buti za Swaby zilizokuwa zimefungwa kwa waya, akamwuliza mbele ya bweni zima, "Hizo ulimvua maiti, kaka, au ulimkuta kaziacha barabarani?"

"Mimi nina basi nyumbani, wewe," Swaby akasema.

Garnet akacheka. Swaby akamwasha na kikaango, na kikaango kilikuwa na mafuta. Garnet alirudishwa Kingston na uso wenye rangi mbili, na kuanzia siku hiyo basi lile likawepo. Basi la pili lilipatikana kwa taya la mtu wa Clarendon. La tatu lilitokana na vita vya mikasi ya kupogolea, ambapo mtu wa Trelawny alipoteza ncha ya kidole akitaka kujua namba ya usajili. Watu wengine hujenga utajiri kwa mkopo wa benki. Huyu aliujenga kwa ngumi, na kila aliyetilia shaka alichangia tofali. Tukamwita Tajiri. Mbele yake tulilisema jina hilo kwa heshima. Nyuma yake tulilisema kwa heshima vilevile, kwa sababu kuta za bweni ni za mbao nyembamba.

Vandewiele alimvumilia kwa sababu moja tu: msumeno mkononi mwa Swaby ulipogoa mitufaha kwa kazi ya watu wawili. Lakini vuli iliyopita Cebert Mullings, mtu mpole wa Hanover anayeimba zaburi akichuma, alimwuliza bila ubaya wowote, "Tajiri, hivi mabasi yako yana rangi gani?" Swaby aliipiga teke ngazi aliyopanda mwenzake. Cebert akashuka na kapu lake, na tufaha zake, na zaburi yake, akavunjika mtulinga.

Mbelgiji alimwita Swaby uani. "Kazi yako naipenda," alimwambia. "Ngumi moja tena, ndege. Na jina lako siliandiki tena." Kila majira ya baridi bosi ndiye anayepeleka serikalini majina ya watu anaowataka warudi. Jina lisipoandikwa, mtu unabaki kwenu unalima vitunguu kwenye udongo mwekundu na kuwasimulia mbuzi habari za Kanada.

Lakini kilichokuwa kinamtafuna Swaby kwa ndani hakikuwa jina. Kilikuwa paa.

Julai iliyotangulia kimbunga kilipita St. Elizabeth kikaondoka na mabati yote ya Swaby. Verna, mkewe, alimpigia simu tukiwa tunakula. Swaby alisikiliza, akakata simu, akatuangalia na kusema, "Nyumba za watu zimeruka huko kwetu. Yangu ni zege. Wanangu walilala tu, wakasema upepo ulikuwa kama feni." Kisha akatoka, akaenda nyuma ya banda la kufungashia, akalipiga ngumi tairi la trekta mpaka vifundo vya mikono vikafunguka. Alisema amekwaruzwa na miiba. Mitufaha yetu haina miiba, lakini nani angemwambia?

Ukweli aliujua yeye na Verna: chumba kimoja na nusu cha mbao, watoto wanne, na juu yao turubai la bluu lililopigwa kamba. Akiba ya msimu ule ilikwisha kwenye kuta. Mabati yangetoka kwenye marejesho ya kodi. Verna alimwambia hivi Machi, mume alipokuwa anaondoka, na maneno yake tulikuja kuyapata baadaye: "Safari hii usiniletee sabuni wala blanketi. Mvua za Septemba zikinikuta chini ya hili turubai, Lascelles, utanikuta kwa mama yangu."

Sasa niseme kidogo kuhusu kodi, maana ndiyo iliyomwaga damu. Kanada inatuita wasio wakaazi. Tunakaa hapa miezi minane kwa mwaka, tumezeekea hapa, meno yetu yamezikwa kwenye bustani yao, lakini wakaazi si sisi. Haya. Wanatukata kodi kwenye mshahara. Wanatukata na bima ya kukosa kazi, ambayo siku ukikosa kazi huwezi kuidai kwa sababu unakuwa tayari uko kwenye ndege. Ila mwezi wa nne ukifika, ukijaza ritani yako, ile fomu ya kodi, vizuri, sehemu nzuri ya ile kodi inarudi. Ni nyama iliyokatwa pajani mwako, lakini ukirudishiwa unashukuru.

Miaka yote Swaby alijaziwa ritani na mzee Purdy, mhasibu aliyekuwa na chumba nyuma ya duka la kufulia nguo mjini. Alikwenda peke yake, mlango ukafungwa, akasema ukweli wake wa mwaka mzima, akatoka akiwa tajiri tena. Lakini Februari ile mzee Purdy alikwenda kuvua samaki juu ya barafu ya ziwa, na barafu ikachoka. Ikammeza yeye, kibanda chake, kiti chake na bia zake. Swaby alipofika mjini alikuta mlango una kufuli, akaupiga teke, akarudi shambani akichechemea.

Akabaki Bi Ionie.

Bi Ionie ni mama wa kwetu Jamaika, wa parokia ya Manchester, anayeishi Brantford, hapahapa Ontario, tangu sisi tuko shule. Kila Aprili, Jumapili moja baada ya kanisa, anakuja bwenini na kompyuta kwenye begi, mashine ya kuchapia begani, na keki ya viungo ya kuuza kwa bei ya wizi. Anajaza ritani za wote, jikoni, kwa sauti, mbele ya kila mtu. Zamani alikuwa akimchukua mmoja mmoja pembeni, mpaka mwaka ambao ndugu wawili walipata marejesho tofauti, mmoja akadai mama anampendelea mwenzake, na panga likatolewa chini ya godoro. Tangu hapo akaweka sheria: siri hakuna, kila mtu asikie kila jibu, wivu ufe mapema.

Na sisi tukaongezea ya kwetu. Akifika kwenye swali la mapato ya nyumbani, yale uliyopata nje ya Kanada, unatakiwa kusimama na kusema "Sifuri!" na wengine tunagonga vifuniko vya masufuria. Ni kama toba kanisani, isipokuwa hapa waumini wanashangilia umaskini wako.

Jumapili hiyo jikoni palikuwa na joto la kukaanga. Supu ya miguu ya kuku ilikuwa motoni, madonge ya unga yakielea, pilipili mbuzi nzima ikizunguka juu kama inatafuta wa kumwadhibu. Upande mmoja wa meza wazee walikuwa wanabamiza domino. Upande wa pili alikaa Bi Ionie na miwani yake.

"Cebert Mullings! Njoo, mwanangu. Mtulinga umepona?"

"Unatabiri mvua, mama."

"Umeoa?"

"Inategemea anayeuliza."

"Ottawa ndiyo inauliza."

"Basi Ottawa waambie nimeoa. Ila yule wa Lucea asiambiwe."

"Wewe! Zaburi zote hizo zinaingilia wapi zinatokea wapi? Mapato nje ya Kanada?"

Cebert akasimama, mkono kifuani. "Sifuri!" Vifuniko vikalia mpaka vumbi likadondoka darini. Mtu akapiga kelele, "Maskini mpya huyo!" Cebert akainama kama mwimbaji wa kwaya.

Wakaenda hivyo mmoja baada ya mwingine. Swaby alikaa karibu na mlango, msumeno wake wa kupogolea mapajani, akiunoa kwa tupa polepole. Alikuwa anangoja watu wachoke, watoke wakavute sigara, abaki na mama peke yake. Hakuna aliyetoka. Nani atoke? Wote tulitaka kumsikia Tajiri akihesabu mali, na kila aliyemaliza alijitafutia mahali pazuri pa kuegemea, mbali kidogo na mkono wa kushoto.

Mwisho wa foleni walibaki wawili: Swaby, na kijana mwembamba aliyekuja Machi ile, Alrick Ebanks. Alrick alitoka kijiji kimoja na Swaby, mtaa uleule, upande wa juu. Usiku aliofika, Swaby alimpeleka nyuma ya banda la kufungashia, akamshika koromeo, akamnyanyua kidogo mpaka akasimama kwa ncha za vidole.

"Unanijua?" Swaby alimwuliza.

"Nakujua."

"Unanijua kama nani?"

"Kama... tajiri," Alrick akasema kwa hewa iliyobaki.

"Karibu Kanada," Swaby akamwambia, akamwachia. Kuanzia hapo Alrick alikuwa kimya kuhusu mambo ya kwao, na alivaa skafu hata ndani ya nyumba.

"Lascelles Swaby!" Bi Ionie akaita.

Swaby alisogea, akainama sikioni mwake. "Mama, mimi yangu tukafanyie garini."

"Garini kuna mbwa."

"Mbwa simwogopi."

"Yeye atakuogopa wewe. Kaa hapa, sheria yangu unaijua."

"Tajiri anaona haya!" sauti ikatoka kwenye domino. "Mama, tafuta kompyuta kubwa zaidi, hiyo haitatosha!"

Swaby akakaa. Jina, tarehe, namba, mke, watoto; aliyajibu yote haraka, kwa sauti ya chini. Kisha Bi Ionie akasukuma miwani juu.

"Mapato nje ya Kanada, mwaka mzima?"

Vifuniko vilikuwa tayari hewani. Vikabaki hapohapo. Hata supu ilionekana kupunguza kuchemka.

"Andika unavyojua," Swaby akasema.

"Mimi sijui kitu. Najua nilichoambiwa. Miaka yote nakuja hapa naambiwa yule pale ana mabasi matatu na duka la jumla. Sasa nisikilize vizuri, mwanangu, kwa sababu hapa pana mtego. Kama karibu kila senti unayopata duniani, sehemu tisa katika kumi, imetoka hapa Kanada, Ottawa inakuhesabu kama mtu wa kuhurumiwa. Fungu la kwanza la mshahara wako halitozwi, na walichokata kinarudi. Lakini mwenye mabasi matatu nyumbani si wa kuhurumiwa. Huyo harudishiwi. Huyo anadaiwa juu yake."

"Kiasi gani?"

Bi Ionie akabonyezabonyeza. "Cha kukufanya uuze basi moja."

Bweni likalipuka kwa kicheko. Swaby hakugeuka. Mshipa wa kwenye kovu lake ulikuwa unaruka.

"Na mtu akiandika sifuri," akauliza taratibu, "halafu..."

"Halafu ana mabasi? Huo ni uongo kwa serikali, na mimi siuandiki uongo ninaoujua. Leseni yangu inaning'inia ukutani kwangu, si kwako. Kwa hiyo useme hapahapa, mbele ya hawa walioniambia. Yapo, au hayapo?"

Sijawahi kumwona mtu akipigwa vibaya namna ile bila kuguswa. Jasho lilimtoka kama yuko juani. Akautazama msumeno, akatazama meno yetu, na yale ambayo hayakuwepo. Hayo yalikuwa malipo ya watu kwa mabasi yale. Angewaambia nini sasa, kwamba walipigwa bure?

"Yapo," akasema.

Mtu akapiga mluzi. Bi Ionie akatikisa kichwa, akaanza kuandika. Basi la kwanza. Alikuwa anaandika kwa kidole kimoja, na kila alipogonga, Swaby alifumba macho.

Alrick ndiye aliyeshindwa. Alisimama kwenye foleni, akaivuta skafu yake chini. "Mama, acha kuandika."

"Kaa chini, Ebanks," Swaby akasema.

"Nitakaa vipi, mzee, unawauzia Ottawa paa la watoto wako? Mama, hana basi huyu! Ana mbuzi, na mmoja ni wa mama mkwe! Verna analala chini ya turubai, nimezifunga mimi mwenyewe hizo kamba, yeye kanishikia ngazi analia! Wewe, Swaby, bwana we, unataka akeshe na ndoo mpaka lini, eti kwa sababu ya hawa waliovunjwa meno—"

Sentensi haikuisha. Mkono wa kushoto ulifika.

Taya la Alrick lilitoa mlio ambao sote tulikuwa tunausikia kutwa mashambani, wa tawi kubwa likiachana na shina. Akaangukia meza ya domino, vipande vikaruka kama mvua ya mawe. Swaby akamfuata juu ya meza, meza ikavunjika miguu, wakashuka wote sakafuni. Alrick hakuwa mtu wa kufa kimya. Aliokota uma, akauzamisha kwenye mkono wa Swaby mpaka kwenye mpini. Swaby hakuuchomoa. Aliendelea kupiga na uma ukiwa umesimama, ukitikisika kama antena. Cebert akaingia kuamua, akapokea kiwiko cha pua na kutoka na shati jekundu. Mwingine akamshika Swaby miguu, akapigwa teke la tumbo, akaikumbatia friji. Sufuria ya supu ikapinduka. Miguu ya kuku ikatambaa sakafuni katika mvuke, na wanaume wazima wakaruka juu ya viti wakipiga kelele za watoto.

Swaby alimwinua Alrick kwa ile skafu, akamburuta hadi kwenye jiko la umeme. Duara lililokuwa limebeba supu lilikuwa jekundu. Akaanza kumshusha uso. Skafu ilianza kutoa harufu kabla ya nyusi. Tulimvuta Swaby watatu, wanne. Ilikuwa kama kuling'oa banda.

"Swaby!"

Bi Ionie alikuwa amepanda juu ya kiti, viatu vya kanisani vikichuruzika mchuzi, kompyuta kaishika kwa mkono mmoja kama trei, kidole cha mkono wa pili kikiwa juu ya kitufe.

"Nimemaliza kuandika! Mabasi matatu, duka moja! Nikibonyeza hapa inakwenda Ottawa, na Ottawa hawajui kucheka. Endelea! Mchome mtoto wa watu, nami nabonyeza. Mkeo ataoga kitandani miaka yote iliyobaki. Nabonyeza, Swaby! Yapo au hayapo?"

Uso wa Alrick ulisimama pale ulipokuwa. Nyusi moja ilikuwa imeanza kujikunja.

"Hayapo," Swaby akasema, akiliambia jiko.

"Watu wa nyuma hawajasikia."

Ndipo alipomwachia Alrick, na ndipo jiko lilipoona vita halisi. Kila alichokikana, alikisindikiza.

"Hakuna basi!" Ngumi ikapita kwenye mlango wa kabati, ikatokea upande wa pili.

"Hakuna la pili!" Friji ikabonyea kifuani.

"Hakuna la tatu, halikuwepo, sikuwahi kupanda hata mbele na dereva!" Dirisha likatoka pamoja na fremu, na upepo wa ziwani ukaingia kututazama.

"Hakuna duka!" Akakichukua kiti alichokuwa amekalia mwenyewe, akakivunjia ukutani. "Hakuna zege! Mabati yangu yako kwenye shamba la mtu huko Malvern! Hili kovu ni maji ya mama yangu! Mmefurahi? Nani anacheka? Acheke!"

Vifuniko vilikuwa sakafuni ndani ya mchuzi na hakuna aliyeinama kuviokota. Swaby alisimama katikati akihema, damu ikimdondoka vidoleni, uma ukiwa bado mkononi.

"Na mbuzi?" Bi Ionie akauliza kutoka juu ya kiti. "Wanaingiza kitu?"

"Wanakula tu."

"Basi sifuri." Akafuta, akaandika upya. Mashine ikaanza kutema karatasi. "Njoo usaini, kabla hujavunja na mashine yangu."

Vandewiele aliingia wakati huo, ndara miguuni, mpini wa shoka mkononi, uso mwekundu. Aliangalia dirisha ambalo halikuwepo. Aliangalia Alrick aliyekaa sakafuni akilishika taya lake kwa mikono yote miwili kama mtu aliyebeba yai.

"Nani?"

Sheria ya bweni ni kwamba hakuna aliyeona. Mtu akasema sufuria ililipuka. Mwingine akasema ni upepo. Cebert, pua inamwagika, akaapa kuwa ameteleza kwenye mguu wa kuku.

"Mimi," Swaby akasema.

"Funga sanduku. Jumanne uko kwenye ndege."

"Sawa, bosi. Nisubiri kidogo, sijasaini."

Akakaa kwenye ndoo, kwa kuwa kiti hakikuwepo, akaweka saini polepole. Bi Ionie alimwuliza pesa ziende wapi. "Kwa Verna," alijibu. "Jina lake, si langu." Kisha akauchomoa uma, akaufuta kwenye suruali, akaurudisha kwenye droo.

Siku mbili zilizobaki hakupiga mtu. Aliwaacha watu wamtanie, na wakamtania kwa ujasiri wa watu wanaojua tarehe ya ndege. Afisa wa serikali yetu alikuja na gari safi kumchukua. Akatuhutubia uani kwamba kila mmoja wetu ni balozi wa taifa. Swaby alimsikiliza mpaka mwisho, akampa sanduku alibebe. Alipopita karibu na Alrick, ambaye taya lake lilikuwa limefungwa nyaya na uso umevimba kama boga, akasimama. Tukadhani ataomba radhi. Alisema, "Zile kamba ulifunga vibaya. Upande wa jikoni ulikuwa unavuja." Alrick, kwa kuwa hakuweza kujibu, alimtupia bakuli la uji.

Mbelgiji hakuliandika jina lake. Halitaandikwa tena, wala pale wala kwa jirani, kwa maana wenye mashamba wana mdomo mrefu kuliko sisi.

Mwisho wa Agosti, tukiwa tunakula kwenye meza yenye miguu ya kuungaunga, simu ya Alrick ikalia. Ni Verna. Akaiweka mezani tusikie wote. Alikuwa anasema kitu, pengine pesa zimefika, pengine anashukuru, hatukujua, kwa sababu kulikuwa na kelele kubwa upande wake, kelele nene, kama mtu anamwaga kokoto bila kupumzika. Ilituchukua muda kuelewa kuwa ni mvua, na kwamba inapiga mabati. Nyuma yake tulimsikia Swaby akimtukana fundi, halafu kishindo, halafu fundi akilia kwamba yeye ana mke na watoto.

Tulisikiliza ile mvua ikinyesha huko St. Elizabeth mpaka wali ukapoa.

"Bati la geji nyembamba," Alrick akasema kwa taya lake lililopona likiwa limekwenda upande. "Msikilizeni. Kanunua ya bei rahisi."